Mtaalamu wa kilimo naye ajifunze kujitangaza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wana lao: biashara ni matangazo. Wasomi wetu wa kilimo wameushika msemo wa kwanza kwa mikono miwili, na matokeo yake ni kwamba elimu inabaki ofisini huku mkulima akimsikiliza mwenye duka la pembejeo.

Chukua mfano wa mpunga. Mkulima wa Mbarali au Kilombero ukimtajia TXD 306 huenda asikuelewe, lakini ukisema SARO 5 atakueleza mwenyewe inavyozaa na inavyonukia. Mbegu hiyo, iliyotolewa rasmi mwaka 2002, ni kazi ya watafiti wa hapa hapa nchini. Sasa mwombe mkulima huyo amtaje mtafiti mmoja tu aliyeshiriki kuizalisha. Atabaki anakutazama. Mbegu ina jina sokoni, walioihangaikia hawana.

Atatokea mtu aulize, jina la nini wakati mbegu ipo? Jina lina kazi yake. Siku kimyanga kinapoingia shambani, au mjanja anapouza nafaka ya kawaida ndani ya mfuko wa mbegu, mkulima anahitaji kujua amwulize nani na amwamini nani. Asipomjua mtaalamu, atamwuliza yule yule aliyemuuzia mfuko.

Kimya cha wasomi kina gharama. Mwaka 2013 na 2014 Kenya ilikumbwa na homa ya ufugaji wa kware, na Tanzania nayo haikupona. Watu walipanga foleni kutafuta leseni za Shirika la Wanyamapori la Kenya, wengine wakaingiza akiba zao zote kwenye vizimba. Mayai yalisifiwa kwamba yanatibu karibu kila maradhi. Mwanafunzi wa uchumi wa kilimo wa mwaka wa tatu angeweza kuona tatizo lilipo: wanunuzi wengi wa mayai na vifaranga hawakuwa walaji, walikuwa wafugaji wapya wanaoanza. Soko la aina hiyo huishi kwa kutegemea wageni, na wageni wakipungua bei huporomoka. Ndivyo ilivyotokea. Waliolijua jambo hilo vyuoni hawakukosekana, lakini sauti iliyosikika mitaani ilikuwa ya wauza vifaranga.

Kinachowafunga wasomi midomo mara nyingi si kiburi, kama wakulima wanavyodhani. Ni woga. Mhadhiri kijana anaogopa kusahihishwa na wakubwa wake hadharani. Anaogopa kuitwa mpenda sifa, na kama ni mwanamke, maneno huwa makali zaidi. Lipo pia suala la lugha, ambalo halisemwi sana kwa sababu linatia aibu. Mtu aliyesoma shahada tatu kwa Kiingereza, akipewa dakika kumi redioni aeleze gharama za kuzalisha gunia la mahindi kwa Kiswahili cha kueleweka, jasho linamtoka. Si kwamba hajui. Hajawahi kulisema jambo hilo kwa lugha ya mama yake mzazi anayelima.

Marehemu Profesa Calestous Juma wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1953 kando ya Ziwa Victoria, hakusubiri uprofesa ili aanze kusikika. Akiwa mwalimu wa shule ya msingi aliandika barua kwa mhariri wa gazeti la Daily Nation, na barua hizo ndizo zilizomfungulia mlango wa kuwa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira. Shahada ya uzamivu ilikuja baadaye. Mwaka 1988 alianzisha kituo cha utafiti wa sera za teknolojia jijini Nairobi, akaishia kufundisha Harvard, na hadi alipofariki Desemba 2017 alikuwa bado akibishana na vijana kwenye mitandao ya kijamii kuhusu kilimo cha Afrika. Jina lake lilijengwa kwa kuandika maneno ambayo hata asiye msomi aliweza kuyasoma.

Profesa Ruth Oniang'o, naye wa Kenya, alipoona kazi za watafiti wa Afrika zinakosa mahali pa kuchapishwa alianzisha jarida lake la chakula, kilimo na lishe mwaka 2001. Mwaka 2017 alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Chakula ya Afrika.

Kwa mhadhiri anayeanza, njia nyepesi ni kuchagua zao moja na kulisemea hilo hilo mpaka watu wamzoee. Aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila makala anayopeleka kwenye jarida la kitaaluma. Akiulizwa asilolijua aseme hajui, kwa maana mkulima humheshimu zaidi mtu wa namna hiyo kuliko mwenye jibu la kila swali. Wapo waliojijengea jina kwa suti na picha tu, lakini msimu mmoja wa hasara huwaumbua.

Lawama si za mhadhiri peke yake. Kupanda cheo chuoni hutegemea zaidi machapisho katika majarida, ambayo mkulima hatayasoma. Saa moja ya redio ya wilaya haiongezi kitu kwenye faili lake. Na ukifika kwenye mabanda ya Nanenane, mara nyingi utapewa kipeperushi kizuri chenye nembo ya taasisi na sanduku la posta. Jina la aliyefanya utafiti halimo, wala namba ya simu ya kumpata mvua zikianza.