Viota Vimepona, Kasa Je? Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Mafia, ninakofundisha hisabati. Mwezi uliopita, alfajiri, nilimkuta kasa ufukweni amekufa, amezongwa na wavu wa jarife, uzi umeingia shingoni. Jeraha jingine hakuwa nalo. Kasa hupumua hewa kama sisi. Akizuiwa chini, hufa maji. Mzee mmoja akanituliza: “Si neno, mwalimu, viota mwaka huu vimepona.” Nilimwamini, mpaka nilipoishika chaki.

Mwaka 1945 mtafiti P. H. Leslie alionyesha namna ya kuhesabu viumbe kwa rika. Idadi ya kila rika huandikwa katika safu wima moja. Kando yake huwekwa matriksi, yaani jedwali la namba: mstari wa juu ni uzazi wa kila rika, na chini yake ni sehemu ya kila rika inayobaki hai hadi rika linalofuata. Ukizidisha, unapata idadi ya mwaka ujao. Ukizidisha tena na tena, utaona kama kundi linaongezeka au linakwisha.

Mwaka 1987 watafiti Crouse, Crowder na Caswell waliwahesabu hivyo kasa aina ya duvi wa Marekani, kwa hatua saba za maisha. Katika hesabu yao walijaribu kuyaponya mayai na vitoto vyote vya mwaka wa kwanza, asipotee hata mmoja. Kundi likaendelea kupungua! Lakini uhai wa makinda wakubwa ulipopandishwa kutoka asilimia 68 hivi hadi 77 kwa mwaka, kupungua kulikoma. Sababu ni kwamba kasa hungoja miaka mingi sana kabla ya kutaga, mara nyingi zaidi ya 20. Yai lina safari yote mbele yake. Kinda mkubwa ameshazivuka hatari nyingi, na huyo ndiye tunayempoteza nyavuni.

Wanaokesha wakilinda viota wasiache; nawaheshimu mno. Ninachoomba ni kwamba kila kasa anayekufa nyavuni apimwe gamba na kuandikwa, na mipango ya kuwahifadhi ikokotolewe kwa rika, si kwa idadi ya viota pekee. Nao wavuvi wa jarife wasaidiwe kubadili nyavu, maana jarife ni mtaji wa mtu na ada ya watoto wake.

Yule wa alfajiri tulimpima kwa futi kamba ya fundi cherehani. Gamba lilikuwa sentimita 71. Alikuwa bado hajafikia kuzaa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, Mafia