Arosto si Ulegevu wa Nia

Katika mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, mtumiaji wa heroini huhukumiwa mara mbili. Hukumu ya kwanza ni ya kuanza, nayo ina mjadala wake. Ya pili ni ya kushindwa kuacha, na hiyo ndiyo hutolewa bila ya ushahidi. Jamaa humwona amejikunja barazani, jasho likimtoka, miayo haikatiki, vinyweleo vimesimama, tumbo linaharisha, wakasema: angelitaka angeacha. Mitaani hali hiyo huitwa arosto. Ni ugonjwa wenye mahali pake mwilini, na mahali hapo panajulikana.

Seli moja ya ubongo haigusani na jirani yake. Baina yao pana upenyo mwembamba mno, na ujumbe huvuka kwa kemikali zinazohifadhiwa ndani ya vifuko vidogo sana. Upana wa kifuko kimoja ni takriban nanomita 40, kiasi kwamba vifuko 25,000 vikipangwa mstari hutimiza milimita moja tu. Mshtuko wa umeme ukifika mwisho wa seli, milango ya kalisi hufunguka, kalisi huingia, na vifuko vilivyo ukingoni hujiunga na utando na kumwaga vilichobeba. Yote hayo hukamilika kufumba na kufumbua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bernard Katz na wenzake jijini London, wakichunguza neva na misuli ya chura, waligundua kwamba kemikali hizo hutoka kwa vipimo vilivyo sawa, kama mchele upimwao kwa kibaba: hutoka kibaba kimoja, au viwili, au mia, lakini si nusu yake. Kazi hiyo ilimpatia Katz sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1970.

Heroini huvuruga soko hilo la vibaba. Ikiingia mwilini hugeuka mofini, nayo hukaa kwenye vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya vituliza maumivu vyake wenyewe. Miongoni mwa athari zake ni kufunga milango ya kalisi, na bila ya kalisi vifuko havimwagi kitu. Seli zilizokuwa zikizuia dopamini hunyamazishwa, dopamini ikafurika, na hiyo ndiyo raha inayosimuliwa.

Lakini muuguzi anapaswa kutazama zaidi kishada kidogo cha seli katika shina la ubongo, kilicho chanzo kikuu cha noradrenalini ya ubongo. Seli hizo zikizibwa mdomo kila siku hazikai kimya milele. Huongeza nguvu za mitambo yake ya ndani ili zisikike licha ya kuzibwa, kama mtu aliyezoea kupaza sauti kando ya mashine ya kusaga. Siku mashine ikizimwa, sauti hubaki ileile ya ukelele. Noradrenalini humwagika pasipo kizuizi: moyo huenda mbio, jasho hutiririka, usingizi hutoweka. Utumbo nao una neva zake zilizozoea kutulizwa, na huko ndiko kunakotoka kuhara. Klonidini, dawa ya shinikizo la damu, hupunguza umwagaji wa noradrenalini, na kwa njia hiyo huzituliza dalili kadhaa za arosto. Mawaidha, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayafiki kwenye vifuko.

Kwa sababu hiyo msemo kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi unastahili kupingwa waziwazi, hasa unapotoka kinywani mwa mhudumu wa afya. Una chembe ya ukweli: methadoni hushika vipokezi vilevile, ikikatwa ghafla huleta arosto, na ikichanganywa na pombe au valiamu yaweza kuua. Tofauti ipo katika mwendo. Heroini hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, na kila mshuko ni arosto changa. Methadoni hunywewa, hupanda polepole na kudumu kwa siku nzima, seli zikapata utulivu na mgonjwa akapata siku ya kufanya kazi. Sindano nayo huondoka, pamoja na hatari yake ya VVU na homa ya ini. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na kliniki ya Kidongo Chekundu ikafuata mwaka 2015.

Ila dozi ya kila siku ni safari ya kila siku. Mgonjwa wa Nungwi au Makunduchi akilazimika kupanda daladala hadi mjini kila asubuhi, nauli itamshinda kabla ya nia. Kuisogeza dawa karibu na wagonjwa wa shamba kuna faida kuliko kuwalaumu kwa utoro. Na Ramadhani inapokaribia, saa ya kunywa dozi ipangwe na daktari mapema. Mgonjwa asiachwe akate shauri peke yake.

Liko jambo moja ambalo familia nyingi haziambiwi. Anayetoka nyumba ya upataji nafuu au gerezani, baada ya miezi ya kutotumia, ubongo wake umekwisha kupoteza ule ustahimilivu. Dozi yake ya zamani sasa yaweza kuzima pumzi, kwani shina la ubongo linaloamuru kupumua lina vipokezi hivyohivyo. Onyo hilo litolewe siku ya kuagana, mama au ndugu akiwapo. Naloksoni huing'oa heroini kwenye vipokezi kwa dakika chache, lakini nguvu zake zaweza kuisha mapema kuliko sumu yenyewe. Aliyezinduka apelekwe hospitali hata akiapa kwamba yu mzima.