Neno moja la sheria, miaka mingi jela

Mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga, Sirari au Holili anakutana na sheria moja ya forodha, ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Lakini kesi ikifika mahakamani, kila nchi ina majaji wake wa rufaa, na wanachopima kwanza ni maneno: "isiyozidi", "atastahili", "isiyopungua".

Kifungu cha 200 cha sheria hiyo kinampa anayevusha bidhaa zilizokatazwa kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa zinazotozwa ushuru, au vyote viwili. Kwa upande wa kifungo, hakimu ana nafasi ya kushuka.

Ubishi mkubwa uliletwa na "atastahili". Sheria ya dawa za kulevya ya Kenya ilisema mlanguzi atastahili faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya mzigo, ipi kubwa, na juu yake kifungo cha maisha. Ilisomwa kama amri. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikasema neno hilo linaonyesha kikomo cha juu tu. Chini yake hakimu anapima mwenyewe. Mtu aliyekamatwa na misokoto michache hawekwi kapu moja na mwenye shehena.

"Isiyopungua" haina huruma hiyo. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza hadi 15. Lilikuwa kosa la kingono, si la biashara, lakini ujumbe kwa majaji ni mpana: kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge hakivukwi kwa huruma.

Tanzania imekaza zaidi. Tangu mwaka 2016 makosa ya uhujumu uchumi, nyara za Serikali zikiwemo, yana kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Kumlilia jaji kwamba una watoto wadogo hakusaidii kitu hapo. Afadhali kukagua ushahidi, ikiwemo hati ya thamani ya nyara: je, imetiwa saini na Mkurugenzi au ofisa wanyamapori, kama sheria inavyotaka?

Na rufaa si bahati nasibu. Kanuni inayotumika hadi leo ilitolewa mwaka 1954 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki: adhabu haiguswi kwa sababu tu majaji wangetoa ndogo zaidi, lazima hakimu awe amekosea kanuni, au adhabu iwe imezidi mno. Tena inaweza kupandishwa. Kwa Kenya, mkata rufaa anapaswa kuonywa kwanza, ili aamue kama ataendelea au ataiondoa.

Muda wenyewe ni mfupi: Kenya siku 14 kukata rufaa Mahakama Kuu, Tanzania siku 10 kutoa notisi.