«Sina Mtu»



Baada ya Misa, Jumapili moja, kijana wa kundi letu alinisubiri mlangoni na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na nakala za diploma ya Serikali na hati ya chuo kikuu, zote zimepigwa muhuri. «Mwalimu,» akaniambia, «mimi sina mtu. Unitafutie mtu.» Sikumwuliza mtu gani. Katika nchi hii sote twajua maana ya neno hilo: mtu ni yule aketiye ofisini, shemeji wa fulani, awezaye kuitoa dosie chini ya rundo na kuiweka juu.

Sitawadanganya kwamba mambo hayo hayapo. Nami nilifundisha miaka minne nikiwa miongoni mwa wale tunaowaita N.U., yaani waalimu wapya ambao majina yao hayajaingia katika orodha ya malipo ya Serikali. Tuliishi kwa kidogo kilichochangwa na wazazi, na kwa mkaa aliouza mke wangu. Kijana akiniambia kwamba bidii peke yake haitoshi, namwelewa. Nisipokubaliana naye ni pale anapohitimisha kwamba basi bidii ni bure na kujuana ndiko kila kitu.

Hapa ninalo la kuungama. Miaka mingi iliyopita shule moja ilitafuta mwalimu wa darasa la tano. Msichana wa parokia yetu alikuwa amefanya staji pale. Nilimwona kwa macho yangu: masomo yametayarishwa tangu jana yake, ubao umepangwa, kila mtoto anaitwa kwa jina lake. Mtoto wa dada yangu naye aliitamani nafasi ile. Mkuu wa shule alikuwa rafiki yangu. Nikamwendea jioni, tukaongea, mpwa wangu akachukuliwa. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi akaenda kwenye machimbo, kwani hakupenda kamwe kufundisha. Darasa likakaa wiki sita bila mwalimu. Msichana yule aliendelea kunisalimia kila Jumapili kwa heshima ile ile. Heri angalinitukana.

Tangu siku hiyo natofautisha. Kuna kujuana kwa damu na kwa bahasha, na kuna kujulikana kwa kazi. Namna hii ya pili hainunuliwi, lakini haiji yenyewe. Hutafutwa kwa miguu. Mwendee fundi, mwuguzi au mhasibu anayefanya kazi unayoitamani. Usimwombe kazi. Mwulize aliingiaje, nini kinawapungukia vijana wanaofika kwake, na nani mwingine unayeweza kumwona. Fika saa mliyoagana. Akikupa shauri, rudi baada ya mwezi umweleze ulilitumiaje. Wengi hawarudi, nao huwasahau. Hata Kiro na Xaveri ni mahali pa kujulikana: aliyetunza sanduku la kundi mwaka mzima bila franka moja kupotea amekwisha kupata mashahidi wengi.

Halafu, mnataka nini hasa? Nikiwauliza, wengi hunijibu: «Kufaulu maishani.» Jibu hilo halina mahali pa kuanzia. Seremala kijana aniambiaye, «Kabla ya Noeli nataka randa yangu mwenyewe, nisiazime tena,» huyo amenijibu. Na njia anayo: wakiwa kumi katika likelemba, kila mmoja akitoa franka 10 000 kwa wiki, kila wiki mmoja hupokea 100 000, na katika wiki kumi wote wamekwisha kupokea. Kazi ngumu ni kununua randa zamu ifikapo, kwa sababu siku hiyo hiyo viatu vizuri vitapitishwa mbele yake sokoni.

Kuhusu udumifu nitasema machache. Kupeleka barua ile ile mara kumi kwenye milango kumi si udumifu. Ukikataliwa, uliza kwa adabu sababu yake, kisha badilisha jambo moja. Na msingoje mmekaa. Nawalaumu hasa wazazi wasemao, «Hatukulipia masomo yako ili uuze mandazi.» Mwenye diploma auzaye mandazi anajifunza hesabu, anajifunza watu, na jina lake linatajwa mtaani, anayengoja nyumbani na suruali iliyopigwa pasi hatajwi na mtu.

Wengine hunijibu: «Tuingie kwanza kwa njia yoyote, uaminifu utafuata.» Lakini aliyekupitisha mlango wa nyuma atarudi kudai. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma alisoma sheria, akaajiriwa katika OCC, mahali ambapo bidhaa hukaguliwa. Alitolewa fedha ili aviache vipite vyakula vilivyoharibika, akakataa. Waliuawa wengi katika mji ule, naye akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Wapo watakaosema kwamba huo si mfano wa kufaulu katika kazi. Mimi naona alipata kazi ambayo vijana wengi huitamani, naye akaifanya.

Turudi kwa kijana wa bahasha. Sikumpa mtu. Nilimpa daftari, nikamwambia aende kwa watu watatu ninaowafahamu, si kuomba kazi bali kuuliza. Na barua ya kumshuhudia nitamwandikia siku nitakapokuwa nimeiona kazi yake; kwa hiyo tangu mwezi uliopita anafundisha hesabu kila Jumamosi watoto wa darasa la sita wanaojitayarisha kwa mtihani. Nami huketi nyuma. Ubao wake bado haujapangika, lakini majina ya watoto ameyashika. Kazi hajapata. Katika daftari lake mna majina saba, na manne kati yao mimi siwafahamu.