Mjumbe hauawi, hata kwenye gari

Leo naomba niache siasa kidogo, nizungumzie pikapu ya mjomba.

Mjomba anabeba viazi kutoka Uyole, Mbeya, hadi Iringa mjini, safari ya zaidi ya kilomita 300. Gari ni la petroli. Zamani lita 40 zilimfikisha. Ghafla zikawa 55, na taa ya injini ikawaka. Fundi akachomeka mashine, akaona kuna namba, akatamka: "Sensa ya oksijeni imekufa." Ikanunuliwa mpya. Baada ya siku tatu taa ikarudi. Ikafungwa nyingine ya mtumba. Hali ile ile. Mwisho akaambiwa ni hewa ya milimani, azoee tu. Faida ya viazi ikawa inaishia kwenye tangi, ada ya binti yake ikachelewa.

Hapo ndipo ninapogomba. Sensa ile inakaa kwenye bomba la moshi na kupima oksijeni iliyobaki mafuta yakishaungua. Ni mjumbe: inaiambia kompyuta ya gari mafuta yamezidi au yamepungua, kompyuta inarekebisha. Kwa hiyo hewa nyepesi ya Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, ilisumbua magari ya kabureta. Haya ya kompyuta hujirekebisha.

Ila injini ikiwa ya baridi, kompyuta haimsikilizi mjumbe. Inaongeza mafuta mpaka injini ipate moto. Fundi mmoja mzee pale Ipogolo, kabla ya kugusa sensa, alisoma ile namba: P0128, yaani maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Akauliza, "Thamostati ipo?" Haikuwepo! Iling'olewa zamani eti gari lisichemshe. Kwa joto la Dar unaweza usigundue haraka. Kwa asubuhi ya Julai pale Makambako, injini haipati moto sawasawa, nawe unalipia baridi hiyo kwa lita. Thamostati ikarudishwa, matumizi yakashuka hadi karibu na lita 40.

Kwenye chumba cha habari ukileta taarifa ya chanzo kimoja mhariri anakurudisha. Kwa nini gereji tukubali hukumu ya namba ambayo hata haijasomwa? Sensa nzima, injini ikishapata moto, volti zake hupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Fundi mwenye mita anaweza kukuonyesha hilo kabla hujatoa hela.

Na sisi wateja tusijifanye watakatifu. Spea tunalipia bila kubisha, lakini fundi akidai hela ya kupima tu, tunaona anatuibia.

Bei ya mafuta EWURA hutangaza kila mwezi, hatuna la kufanya. Lita zinazopotea kwa kubahatisha ziko mikononi mwetu. Kabla ya kununua spea, uliza: umepima nini?

Nawasilisha.