Ahadi za muungano bila adhabu ni hewa

Leo naweka programu kando, tuongee siasa kwa jicho la hisabati. Nadharia ya michezo huuliza: je, mwenzangu ana sababu gani ya kutimiza ahadi akishapata alichotaka?

Mwaka 1992 Matiba, Kibaki na Oginga Odinga waligombea kila mtu kivyake. Jumla yao ilipita asilimia 60, lakini Moi alishinda kwa 36 hivi. Mwaka 2002 upinzani uliungana ndani ya NARC, Kibaki akapata asilimia 62. Hesabu ilikubali!

Tatizo lilikuja baadaye. Mapatano ya NAK na LDP kuhusu kugawana vyeo hayakuwa na nguvu ya kisheria. LDP walilalamika yamevunjwa, na kwenye kura ya maoni ya 2005 wakawa kambi mbili. Uchaguzi wa 2007 uliwakuta mahasimu, na zaidi ya Wakenya 1,000 wakauawa katika ghasia zilizofuata.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka mkataba wa muungano uwekwe kwa Msajili. Ni hatua nzuri, lakini mkataba kukaa kwenye faili si kulindwa. Hapa Kibugu hakuna mkulima anayemwachia dalali ng'ombe kwa maneno matupu. Mbona kura tunaiachia? Tudai mkataba usomwe hadharani kabla ya uchaguzi, na adhabu ya kuuvunja iandikwe humo humo.

Nyinyi mwaonaje?