Moshi, Pua na Mazoea: Je, Ladha Hufundishika?

Mtu anayeinusa kwa mara ya kwanza wiski ya pwani ya kusini ya kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, aghalabu hukunja uso na kusema, "Hii inanuka hospitali!" Waliozoea humcheka, wakamwambia kwamba bado hajakomaa. Katika makala haya napenda kumtetea mgeni huyo. Hakukosea hata kidogo. Amefanya uchunguzi sahihi wa kikemia kwa pua yake mwenyewe; lililompungukia ni maneno na mazoezi tu.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kusema jambo moja waziwazi, kwa kuwa kurasa hizi husomwa na vijana. Alkoholi ni sumu yenye kulevya. Vileo vimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa afya. Kwa hiyo makala haya si mwaliko wa kunywa. Hata wachanganyaji wa wiski wenyewe, katika kazi yao ya kila siku, hutegemea pua kuliko ulimi: huizimua wiski kwa maji mpaka alkoholi ibaki kiasi cha asilimia 20, kisha wakainusa. Elimu tunayoizungumzia yaweza kupatikana bila kumeza hata tone moja.

Tuanze na asili ya moshi huo. Wiski ya kimea hutokana na shayiri. Nafaka hiyo hulowekwa, ikaachwa ichipue ili vimeng'enya vitakavyougeuza wanga kuwa sukari viamke, kisha hukaushwa tanurini ili uchipuaji usimame. Hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Katika visiwa visivyo na misitu wala makaa ya mawe, wenyeji walichoma piti, yaani masalia ya mimea ya majimaji yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa, kwa kadiri ya milimeta moja tu kwa mwaka. Moshi wake hupenya tanurini na kuacha juu ya kimea misombo iitwayo fenoli. Kwingineko, hususan katika bonde la mto Spey, reli ilifika mwaka 1863 na kurahisisha usafirishaji wa makaa ya mawe na koki, ambayo huungua bila moshi mwingi. Basi tofauti kati ya wiski ya moshi na isiyo ya moshi haikuanza kama suala la ubora, wala la ushujaa wa mnywaji. Ilianza kama suala la kuni.

Sasa turejee kwa mgeni wetu. Fenoli iliyo sahili kuliko zote ndiyo ile iliyoitwa zamani asidi ya kaboliki. Mwaka 1865, katika mji wa Glasgow, daktari mpasuaji Joseph Lister alianza kuitumia kuzuia vidonda visioze, na tangu hapo harufu yake ikawa harufu ya wodi. Ndugu zake, kresoli, zilitumika katika dawa za kuoshea sakafu za hospitali. Misombo hiyo hiyo imo katika moshi wa piti. Kwa hiyo anayesema "hospitali" ametaja kwa usahihi kitu alichokinusa. Mwenye kumcheka ndiye aliyesahau kemia.

Lakini kuna jambo la kustaajabisha zaidi. Miongoni mwa fenoli za moshi imo guayakoli, ambayo hutokea lignini ya mimea inapoungua. Lignini ndiyo inayoupa mti ugumu wake. Wiski yoyote ya Uskoti, ya moshi au isiyo ya moshi, sharti ilale katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na lignini ya mapipa hayo huipatia vanilini, yaani harufu tuijuayo katika keki na aiskrimu. Mwanafunzi akizichora molekuli hizo mbili ubaoni ataona kwamba vanilini ni guayakoli iliyoongezewa kundi moja tu la aldehidi. Watu wanaobishana iwapo moshi ni bora kuliko utamu wanagombania watoto wa mama mmoja.

Wiski isiyo ya moshi nayo isidharauliwe kwamba ni ya wanaoanza. Moshi unapoondoka, vitu vya taratibu husikika. Hamira, inapochachusha sukari, hutengeneza esta. Mojawapo ndiyo ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Kuitambua esta hiyo katika kinywaji kisicho na moshi, kama kile cha Glengoyne, ni kazi ya pua iliyotulia. Kuutambua moshi wa Ardbeg hakuhitaji utulivu wowote.

Watengenezaji hupenda kutangaza nguvu ya moshi kwa tarakimu. Kimea cha Ardbeg hutajwa kuwa na fenoli sehemu 50 hadi 55 hivi katika sehemu milioni, yaani miligramu 50 hadi 55 kwa kila kilo. Toleo moja la Octomore lilitajwa kufikia 309. Mwanafunzi wa sayansi aulize mara moja: kimepimwa nini? Jibu ni kwamba kilichopimwa ni kimea, si kinywaji. Sehemu kubwa ya fenoli hupotea njiani, na kwa kuwa ni nzito, hujitokeza zaidi kuelekea mwisho wa ukenekaji. Mkenekaji anayekata mapema huziacha nyuma. Lagavulin na Caol Ila hupata kimea cha moshi kutoka kiwanda kimoja cha Port Ellen, lakini vinywaji vyao havifanani. Tarakimu iliyo sahihi yaweza kumpotosha asiyejua imetoka wapi.

Je, mtu hujifunzaje kupenda kilichomchukiza? Ulimi hutambua ladha tano tu za msingi: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ya mchuzi wa nyama iitwayo umami. Mengine yote tunayoyaita ladha hupanda kutoka kooni hadi puani, penye aina 400 hivi za vipokezi. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa pua, mara nyingi mambo huwa kinyume chake: kipya hushukiwa. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kwatosha kutufanya tukipende zaidi. Wafugaji wetu waliolelewa kwa maziwa ya vibuyu vilivyofukizwa moshi hawahitaji kuhubiriwa kuhusu guayakoli. Wao huyaona maziwa yasiyo na moshi kuwa yamepooza.

Hapa ndipo ninapotaka kutahadharisha. Lugha yetu ina neno moja, kuzoea, kwa mambo mawili. Kuna kuzoea kwa pua, ambako huzaa utambuzi. Na kuna kuzoea kwa mwili, ambako huzaa utumwa. Mazoea yana taabu. Mlevi ameizoea pombe kuliko mtu yeyote, lakini hawezi kukueleza ina harufu gani. Nashikilia kwamba kipimo cha ladha iliyofunzwa si kupenda, bali ni kutofautisha. Anayeweza kutofautisha moshi na vanila, kisha akasema "sivipendi vyote viwili", amehitimu. Anayesifu asichoweza kukitambua bado hajaanza shule.

Shule zetu hufundisha jicho kusoma kipimajoto na sikio kusikiliza, lakini pua huachwa bila mafunzo. Yafaa walimu wajaribu jambo hili, kwa maji tu. Chukua maji ya kunywa yaliyolala katika mtungi uliofukizwa ubani, kama ilivyo desturi ya pwani, na maji mengine yasiyofukizwa. Mpe mwanafunzi aliyefungwa macho vikombe vitatu, viwili vya namna moja na kimoja cha namna nyingine, akitaje kilicho tofauti. Rudia mara 12, ukibadili mpangilio. Kwa kubahatisha tu atapata 4 hivi. Akipata 8 au zaidi, jambo ambalo bahati huleta chini ya mara 2 katika 100, basi pua yake imesema kweli. Kisha mwambie aandike alichonusa bila kutumia maneno "nzuri" na "mbaya". Kiswahili hakitamwangusha: kina ukakasi, uvundo, shombo, ukali na mengine mengi.

Siku ya kwanza wengi watashindwa. Baada ya wiki chache watakuwa wamepiga hatua, na hapo watakuwa wamejionea wenyewe kwamba ladha si kipaji cha wachache wala siri ya watu wa mbali. Ni uchunguzi kama uchunguzi mwingine wowote, nao huanza siku mtu anapothubutu kusema kwamba kinachosifiwa na wote kinanuka hospitali, na kisha akauliza kwa nini.